Siku Niliyoficha Kanisa Kuu la York

Juzi mjukuu wangu Zuhura aliniambia kwamba kiangazi hiki amepata kazi ya kuongoza watalii. Aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kisha akauliza, "Babu, any tips?" Bibi yake alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini, akamshauri mtoto amwulize mtu mwingine yeyote katika Northfield nzima, mtaa wetu huu wa Birmingham, ila mimi. Sasa kwa kuwa nimechekwa ndani ya nyumba yangu, naandika haya kwa Zuhura na kwa vijana wenzake wote wanaotaka kazi ya kutembea mbele ya watu na kuwanyooshea vitu kidole. Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa, na nikikumbuka vizuri, sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa napotea.

Sikuanza maisha nikiwa mwongoza watalii. Nilikuwa nafunga milango ya magari kiwandani. Kiwanda kilipofungwa nilibaki na mgongo unaouma na sauti kubwa, maana ukifanya kazi penye makelele miaka mingi unasahau kusema taratibu. Sauti ndiyo iliyonipatia kibarua kipya. Bwana Mohinder, Singasinga aliyezaliwa Nakuru, alikuwa na mabasi mawili na yadi ndogo Sparkhill, nyuma ya maduka ya Stratford Road. Kampuni ilikuwa yake, usukani aliushika mwenyewe, na basi likiharibika ni yeye aliyelala chini yake. Wateja wake walikuwa wazee wa Kihindi waliotoka Kenya na Uganda, na baadaye Wakongo, watu waliopenda kwenda Jumamosi kuona miji ya kale na kurudi jioni. Kiingereza kiliwachosha wengi wao, lakini Kiswahili walikuwa nacho. Siku moja Mohinder alinisikia nikimwita mke wangu kutoka ng'ambo ya barabara, magari yakipita katikati. Akavuka kuja kuniuliza kama nina kazi, kwa sababu maikrofoni ya basi lake ilikuwa imekufa.

Safari yetu kubwa ilikuwa York. Kwa asiyeujua, ni mji wa kaskazini uliobaki na umbo lake la zama za kati. Ukuta wa mawe bado unauzunguka, una milango mikubwa yenye minara, una vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja asalimie ukuta, na katikati lipo kanisa kuu ambalo ukilitazama kutoka chini shingo inalia. Haya nayajua leo. Safari ya kwanza nilikuwa nayajua kwa kitabu cha maktaba tu.

Siku hiyo niliwaongoza wazee mpaka kanisa la kwanza la mawe nililoliona, nikasimama katikati na kutangaza kwamba wako ndani ya mojawapo ya makanisa makubwa kabisa ya kaskazini mwa Ulaya, na kwamba kulijenga kulichukua zaidi ya miaka mia mbili. Wazee wakatazama huku na huku kwa heshima. Lilikuwa na ukubwa wa ukumbi wa harusi, tena harusi ya watu wasio na ndugu. Nikawaonyesha dirisha kubwa la vioo vya rangi, huku mwenyewe nikishangaa mbona kidole changu kinaligusa. Mwishoni mama mmoja aliyekulia Kampala aliuliza kwa upole kama, tukishamaliza hapa, tungeweza kwenda kuona na lile jengo jingine, lile kubwa lililoonekana tangu tukiwa barabarani.

Nikamjibu kwamba hilo nilikuwa nawawekea mwisho.

Mohinder aliniita pembeni, nikajua nafukuzwa. Hakunifukuza. Aliniuliza choo cha karibu kiko wapi. Sikujua. Akauliza mzee mwenye magoti mabovu anaweza kukaa wapi bila kulazimika kununua chai. Sikujua. "Basi wewe hujui York," akaniambia. "Umesoma kitabu tu." Wiki iliyofuata tulikwenda wawili, bila abiria, akanizungusha mji mzima akinionyesha vyoo, mabenchi, vibaraza vya kujikinga mvua na ngazi zenye mahali pa kushika. Hakunionyesha mnara hata mmoja. Zuhura, anza hapo. Mtu aliyebanwa na haja ndogo hana habari na mfalme gani alijenga nini. Tena upepo uwe mgongoni mwako unapoongea, la sivyo maneno yako yatasikika na watu wa basi jingine. Na kundi linatembea kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Hili la mwisho nililisahau siku moja, nami nitafika huko.

Jifunze pia majina ya mahali kabla ya kuyatamka mbele ya watu. York kuna barabara nyingi zinazoitwa geti, na mageti yenyewe, yale ya mawe ya kupitia ukutani, yanaitwa baa. Niliwahi kuwaambia wazee wa Kiislamu tukutane baa baada ya adhuhuri. Nilisubiri peke yangu chini ya lango mpaka miguu ikafa ganzi. Kumbe wao walikuwa wamerudi kwenye basi, wamenuna, wanamweleza Mohinder kwamba mimi, Athumani wa Muheza, nimeharibika uzeeni.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mimi ni mtu wa Muheza, na sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa mmoja. Tunaamini Kiswahili kilizaliwa uani kwetu na wengine wote wamekiazima, tena wamekirudisha kikiwa kimechubuka. Kwa hiyo Mkongo akisema jambo nisilielewe, kwangu kosa lilikuwa lake, na mimi kumwuliza maana ilikuwa aibu. Nilikuwa na dawa yangu. Nisipoelewa, nilijibu, "Bila shaka."

Siku moja, nikiwa yadini na injini ya basi inanguruma, nilipigiwa simu na mama aliyeitwa Esperansi, wa mtaa wa Newtown, asili yake Bukavu, Kongo. Alikuwa ameshalipia basi zima kwa ajili ya watu wa kanisa lake, na safari ilikuwa York. Alitaka kuhakikisha jambo moja.

"Papa Atumani," akasema, "korali yetu itapata fasi mu katedrali?"

Fasi nilijua ni nafasi. Katedrali nikaelewa ni lile kanisa kuu. Korali sikulijua. Nikafikiri haraka, nikaamua Korali ni mtu, bila shaka bibi fulani mzee anayehitaji mahali pa kukaa. Nikamhurumia hata kwa sarufi. Angesema "Korali wetu atapata", lakini Wakongo na ngeli, tumewazoea.

"Bila shaka, mama," nikamjibu. "Atakaa mbele kabisa."

Akauliza tena. "Mbele? Mbele ya batu yote?"

"Mbele ya watu wote. Nitasimamia mwenyewe."

Nikamsikia akiwapasha habari watu waliokuwa naye chumbani, na vigelegele vikapigwa. Nikakata simu nikiwaza kwamba huyu Bibi Korali anapendwa sana.

Jumamosi ya safari nilitoka nyumbani na mto wa kiti, ule wa mke wangu wa sebuleni, nikauweka kwenye kiti cha kwanza nyuma ya dereva. Basi liliposimama Newtown, chini ya maghorofa ya manispaa, niliona watu wanatusubiri, wote wamevaa kitenge cha namna moja, cha buluu chenye ndege wa manjano, wanawake kwa wanaume. Mmoja amekumbatia ngoma. Nikashuka na kumwuliza Mama Esperansi, mwanamke mrefu mwenye miwani, Bibi Korali yuko wapi, maana nimemletea mto.

Alinitazama, akautazama mto. "Korali ni sisi," akasema. "Sisi yote. Tunaimbaka."

Mohinder aliyajua mambo haya kuliko mimi, kwani huko Nakuru alisoma shule ya mapadri. Aliinamisha kilemba chake juu ya usukani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mimi ilinichukua muda kidogo. Korali ni kwaya. Kwaya iliuliza kama itapata nafasi ya kuimba ndani ya kanisa kuu, na mimi nikaiahidi kwamba itaimba mbele ya watu wote. Nami sikuwa nimeongea na mtu yeyote wa kanisa lile.

Pale pale ningesema. Ingekuwa aibu fupi. Lakini kabla sijafungua mdomo akaletwa mama mkwe wake Esperansi, ambaye wote walimwita Koko, yaani bibi. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa viatu vipya vyeusi, na alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Alinishukuru. Alinieleza kwamba kwao ni yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, tangu akiwa msichana. Halafu vita, halafu kambi, halafu ndege, halafu Newtown, ambako huimba kwenye ukumbi wa shule wa kukodi na kila wakimaliza hurudisha viti. Watu wote wa ghorofa lake alikwishawaambia kwamba leo ataimba ndani ya nyumba ya mawe.

Nikabaki nimeshika mto. Nikampa.

Tulipofika barabara kuu Mohinder aliniuliza kwa sauti ya chini nitawaambia saa ngapi. Nikasema tukifika. Akauliza tukifika wapi. Nyuma yetu walikuwa wanajaribu sauti, wanaume chini, wanawake juu, na kioo cha mbele kilikuwa kinatetemeka.

Vijana, nimewahi kusikia watu wakijisifu kwamba wamepandisha watalii milima. Mimi nilijaribu kuficha kanisa kuu la York. Nilipanga kuwatembeza mahali pengine pote mpaka wachoke, jioni ifike, na niweze kusema kwa masikitiko kwamba loo, muda umetuishia. Nikaanza na ngome ya duara iliyo karibu na kituo cha mabasi, juu ya kilima kilichoinuka ghafla kama kichuguu. Ngazi zake ni kali. Niliwapandisha wote. Koko alipanda akisimama kila baada ya vidato vichache, ameshika mkono wa Esperansi. Tulipofika juu nikaanza kuwaeleza habari za wafalme, lakini hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wametazama upande mmoja, ambako minara mitatu ya kanisa ilikuwa imesimama juu ya mapaa yote ya mji.

"Ni ile?" akauliza Esperansi.

Nikasema ndiyo ile, ila kwanza tuuone ukuta.

Huu ndio ubaya wa ukuta wa York. Unapanda juu yake, unatembea kwenye njia nyembamba ya mawe, upande wa ndani hakuna cha kukuzuia usianguke kwenye bustani za watu, na kila unapogeuka kona kanisa liko mbele yako. Yule aliyeuchora alikuwa na nia hiyo hiyo. Nilisimama mahali ambapo mti mmoja ulikuwa unaziba minara, nikaongea hapo kwa muda mrefu mno kuhusu namna mawe yanavyokatwa. Vijana wa kwaya, wale waliozaliwa au kukulia hapa Birmingham, walianza kuulizana kwa Kiingereza huyu mzee ana shida gani. Mwisho wa ukuta kuna daraja, na ukilivuka unafika kanisani mara moja. Nikawageuza. Nikawarudisha kando ya mto, mwendo mrefu, nikiwaonyesha bata.

Kutoka mtoni nikawaingiza mtaa wa zamani wa wachinjaji. Watalii wote huupenda. Nyumba zake za mbao zimeinama kuelekeana mpaka jirani wa juu angeweza kumpa mwenzake chumvi dirishani, kulabu za kutundikia nyama bado zipo, na chini ya madirisha kuna mbao pana walizopangia nyama. Niligeuka kusema haya nikaona watu wamebaki nyuma. Koko alikuwa amekaa juu ya mojawapo ya zile mbao. Amevua kiatu kimoja. Kisigino kilikuwa kimechubuka, na Esperansi alikuwa amepiga magoti anakifunga kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa.

Nikakaribia. Koko akaniambia nisiwe na wasiwasi, anachoka lakini sauti haiko kwenye miguu. Aliomba kitu kimoja tu, tusichelewe, maana wanaotungoja kanisani watakasirika.

Ndipo nikasema. "Koko, hakuna anayetungoja. Sikulielewa neno. Nilidhani Korali ni mtu."

Nilieleza yote, simu, kiti na mto, palepale katikati ya mtaa, watu wakipita na aiskrimu zao. Kiswahili changu cha Tanga siku hiyo kilieleweka na kila mtu, hata na wale vijana. Nilitegemea Esperansi atafoka kuhusu kuimba. Alisimama, akafuta miwani.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Na ulipandisha mama juu ya kile kilima?"

Kijana mmoja wa sauti ya chini alicheka, akanyamazishwa. Esperansi alinyoosha kitenge chake, akasema vema, sasa watu waongozwe kanisani, na mimi nitembee nyuma pamoja na Koko. Ndivyo tulivyokwenda. Koko aliniegemea njia nzima. Kwake yeye haikuwa mbali tena, na kwangu ilikuwa safari ndefu kuliko ya kutoka Birmingham.

Mlangoni Esperansi hakunisubiri. Alikwenda mwenyewe kwa mzee aliyevaa joho, akamweleza kwa Kiingereza cha polepole, kila neno mahali pake, kwamba wao ni kwaya, kwamba kulitokea kutoelewana, na kwamba wanaomba kujua kama kuna nafasi. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa adabu kwamba leo haiwezekani, ibada na mazoezi yamejaza siku, na kwaya za wageni hupanga mapema sana. Alisikitika kweli, ilionekana. Akatukaribisha tuingie tutazame.

Tuliingia. Sikusema kitu humo ndani, na naamini ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya mle. Kwaya ilisimama mbele ya dirisha la mashariki, lile lililo kubwa kama uwanja uliosimamishwa wima, limejaa picha ndogondogo za vioo. Koko alitazama juu mpaka ikabidi ashike kitambaa kichwani. Baada ya muda akaniuliza nani anaviosha vioo vyote hivyo. Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa, akasema hata alipouliza alijua kwamba sijui.

Walikuwa na njaa. Nikawapeleka kwenye bustani iliyo karibu, kando ya mto, kwa sababu Mohinder aliwahi kunionyesha mabenchi yake. Wakafungua vyombo vyao, sombe, yaani kisamvu, wali, samaki, maandazi. Walinipa sahani, jambo ambalo mimi nisingemfanyia mtu kama mimi. Katikati ya bustani hiyo kuna magofu. Ni ukuta mmoja mrefu wa kanisa, matao ya madirisha yasiyo na vioo, na juu mbingu tupu. Koko aliyatazama huku akila, akauliza hii nayo ilikuwa nini.

Kitabu nilikuwa nimekisoma, lakini nilijibu kwa kifupi. Nilisema lilikuwa kanisa la watawa, mfalme akalifunga, watu wakaja wakabeba mawe. Paa lake lilikuwa la risasi, nalo likabebwa.

"Masasi," akasema Koko.

Mimi nilimaanisha risasi ile ya madini, bati zito ambalo Waingereza wa zamani walilitumia kuezekea. Yeye alikuwa amesikia ile nyingine, inayotoka kwenye bunduki, ambayo kwao huitwa masasi. Mdomo ulikwishafunguka kumsahihisha. Nilikuwa nimewasahihisha watu maisha yangu yote.

"Hata letu," akaendelea, "paa iliendaka na masasi. Kuta zilibaki. Tuliimbaka ndani vilevile, mpaka tulikimbia."

Nikafunga mdomo.

Aliweka sahani yake kwenye nyasi, akajifuta vidole, na akaanza. Hakusimama, hakumsubiri Esperansi atoe sauti. Alianza chini sana, kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala, na kwa mstari mzima aliimba peke yake. Kisha wanawake wakaingia. Mwanamume wa ngoma alikuwa na sombe mkononi, akaipangusa kwenye majani haraka na kuwahi mdundo wa kwanza. Wakawa wanasimama mmoja mmoja huku wanaimba, wanasogea mpaka chini ya yale matao, Koko akiwa katikati ameshikwa mikono, mguu mmoja una kiatu na mwingine una kitambaa. Waliokuwa wamelala kwenye nyasi wakakaa. Sauti haikujaza kitu chochote, kwa sababu hapakuwa na cha kujazwa. Ilitoka tu na kwenda. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria, na kwa nyimbo zote walizoimba sikujua nikiweke wapi. Nililia, nasema hivi kwa kuwa mke wangu atawaambia hata nisiposema. Mwingereza mmoja aliniuliza kama mimi ndiye kiongozi wao. Esperansi, aliyekuwa anapita, akamjibu kwamba mimi ni mtu wa basi.

Mwaka uliofuata walirudi York na wakaimba ndani ya kanisa kuu. Esperansi alipiga simu mwenyewe, akauliza mwenyewe, akapewa siku. Nilikwenda nao kama abiria, kiti cha nyuma kabisa. Waliimba vizuri sana. Koko baadaye alisema mle ndani sauti inapanda juu halafu inapotea njia kurudi.

Lakini ile Jumamosi ya kwanza haikuishia bustanini. Tulirudi Newtown jua bado lipo, na chini ya ghorofa majirani wa Koko walikuwa wanasubiri, Wakongo, Wajamaika, mama mmoja wa Kisomali, watu ambao wiki nzima walikuwa wamesimuliwa. Nilikaa kwenye ngazi ya basi nikitaka kuwa mdogo. Wakamwuliza kama ameimba kwenye nyumba ya mawe.

"Tuliimba," akasema Koko. "Walituonyesha mbili. Moja iko na paa, ingine hapana. Tulichagua ile haina paa."

Hakuna mwanakwaya aliyeongeza neno. Esperansi alinitazama kupitia miwani yake, kisha akaniambia nimpandishe mama mkwe wake nyumbani, kwa kuwa nilimpandisha kilima.

Tulipanda kwa mwendo wake. Mlangoni akaniambia niingie, nisimame dirishani. Nilikuwa nimeishi Birmingham miaka mingi, nikipita chini, kiwandani na nyumbani, na sikuwahi kuutazama mji huu nikiwa juu. Koko alisimama kando yangu, akaanza kunionyesha kwa kidole. Kule ndiko mwanawe anakofanya usafi. Pale ni hospitali walikozaliwa wajukuu. Lile bapa ni shule yenye ukumbi wao wa viti. Lile la duara, refu kama debe, akasema ni gereza. Nilijua si gereza. Nikamwuliza waliofungwa mle ni akina nani, akanieleza.

Mwisho akanyoosha kidole kwenye mnara wa simu, ule mwembamba wenye masahani, unaoonekana karibu mji mzima, ambao nilikuwa nikiupita bila kuinua macho.

"Ule," akasema, "ndio unaletaka sauti ya watoto yangu wale walibakiaka ku Bukavu. Jumapili, wakati wanapiga, ninasimamaka hapa ninauangalia."

Tukasimama tunauangalia.